Mgeni wa Kifua cha Mahamudi

Tangu Ramla aione ile picha ya Nairobi, sukari ilihamia kwenye sanduku la nguo zake, chini ya kitenge cha harusi, na ufunguo ukahamia shingoni. Hata sisimizi waliihama nyumba.

Picha yenyewe ilikuwa ya kifua cha baba yake, Papa Mahamudi, dereva wa malori aliyejua kila shimo la njia ya Kalengera. Madaktari wa huko walimdunga sukari yenye alama ya kung'aa, wakangoja waone itakimbilia wapi. Kwenye pafu la kushoto kikawaka kitu kama jicho. Kansa, wakasema, inameza sukari kuliko nyama iliyoizunguka. Ramla hakusikia tena lingine. Kama inakula, ataifunga mdomo.

Ilianza kutoweka sukari, ukafuata mkate, zikafuata ndizi, mpaka fufu, ugali wa muhogo.

"Ramla, hii ni chai ao maji ya kunawa?" muzee alimtania. "Unanifungia sukari sawa mutoto mwizi!"

"Si weye, papa. Ni yule wa ndani."

"Basi umwambie alipe pango."

Wakacheka. Kicheko cha papa kikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi kilipotulia, Ramla angeapa kwamba kitu kingine mle ndani kiliendelea kucheka. Mashavu ya muzee yakabonyea. Saa ikaanza kumteleza mkononi. Hata adhuhuri, jua likichoma mawe meusi ya uani, Ramla aliliona lile jicho likimtazama kupitia shati.

Siku ya kuanza dawa, Dokta Sidonie alimpima muzee uzito, akamgeukia binti.

"Anakula nini?"

Ramla akaeleza, tena kwa majivuno kidogo.

"Mama, ukificha unga, panya anahama? Anakula sabuni! Damu haikosi sukari. Ini linaitengeneza, hata kwa kumega misuli ya muzee. Umemunyima muzee, hukuinyima kansa. Kwa uzito huu dawa itamuangusha. Umulishe kwanza, kisha murudi."

Nyumbani Ramla alichemsha chai ya maziwa, akatia sukari, akakoroga. Papa Mahamudi akanywa, macho ameyafumba.

"Iko tamu, papa?"

Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda.

"Ongeza," ilisema sauti kavu, nzito kuliko aliyoizoea.

Ramla akalitazama shati. Hakuuliza ni nani kati yao aliyeomba. Akaongeza.