Mazoezi ya Mguu Usiouma

Mama mmoja wa watoto wawili alichanika kano ya goti la kushoto kwenye mbio za wazazi, shuleni kwa bintiye, akimkimbiza bibi wa mwanafunzi mmoja. Bibi akashinda. Tangu hapo kichanga wake anaogeshwa na wifi, na yeye hamu yake ni moja: kuchuchumaa tena mbele ya beseni.

Siku ya kurudi kliniki, alikopewa mazoezi ya kunyanyua mguu, alijitapa. "Mazoezi nimefanya yote, kaka, wala siumii!"

Mtaalamu wa viungo akaminya mapaja. La kulia gumu kama la mcheza mpira. La kushoto tepetepe.

"Dada, ulikuwa unanyanyua mguu upi?"

"Huu wa kulia. Ule mwingine ulikuwa unauma."

Alijisikia akisema, akaangua kicheko.

Jioni alinyanyua wa kushoto. Uliuma kweli.

"Wifi," akaita, "beseni usiliweke mbali!"