Sahani ya Karibu na Mlango

Sahani ya bati iliyobanduka rangi ilikuwa ya Immaculée peke yake. Wanawake wa nyumba ile ya mjini Baraka walikula bugali na ndagala, vidagaa vya ziwani, kwenye sinia moja, mkono ukigusana na mkono. Immaculée, mke wa Bonaventure, alikula karibu na mlango. Aliyemtenga ni mama mkwe wake, Dorothée, tangu mikono ya Immaculée ilipoanza kuwasha, kupasuka na kutoa majimaji. Dorothée hakuutaja ugonjwa aliouhofia, lakini nyumba nzima iliujua. Wenye ukoma walipelekwa kambini, mbali na watu wao.

"Nawa kwanza," Dorothée alimwambia kila jioni, akimsogezea sabuni ya majivu aliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya mawese. Ilikuwa kali, naye alijivunia ukali wake. Kadiri mikono ilivyozidi kuwaka, ndivyo alivyozidi kumhimiza asugue.

Hatimaye alimpeleka kwenye zahanati ya Nundu. Usoni alivaa huruma. Moyoni alitaka neno moja tu la mganga, ili mwanawe apate kuoa mke mwingine.

Mganga Anatole alimwambia Immaculée afunge macho, akampitishia uzi wa pamba juu ya mabaka ya mikononi. "Fasi nakugusa, unionyeshe."

Immaculée alionyesha kila mahali bila kukosea.

"Haiko ukoma," Anatole alisema. "Baka ya ukoma haisikie kitu. Hii inasikia, tena inawasha. Ni egzema, ugonjwa ya ngozi tu, na haiambukize mutu. Munanawa na sabuni gani?"

Immaculée alitazama sakafu. Hakumtaja mtu. Kimya kile kilimuumiza Dorothée kuliko kama angesemwa mbele ya watu.

"Yangu," alisema. "Mi njo naipika. Mi njo namulazimisha."

"Basi ile sabuni njo inamuchoma. Aiache. Anawe na maji tu, kisha apake hii dawa. Na mihogo ya kulowesha, maji yake inachoma vilevile, mutu mwingine aimenye."

Ndani ya lori la kurudi Dorothée alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku ile mihogo aliimenya yeye, na mikono ya Immaculée ikaanza kupona. Lakini mkwe aliendelea kukaa karibu na mlango. Hakuna aliyemwita, na Dorothée hakuwa na uso wa kumwita.

Jioni moja aliacha sinia kabla ya kula, akaenda kuchuchumaa mbele ya ile sahani.

"Nikule na we?"

Immaculée aliitazama mikono ya mama mkwe wake, iliyotapakaa unga wa mihogo.

"Nawa kwanza, mama," alisema kwa upole, akamsogezea maji na ile sabuni ya majivu.

Nyuma yao wanawake waliacha kutafuna. Dorothée alisugua polepole, sabuni ikimchoma kwenye mchubuko wa kisu cha kumenyea mihogo, asithubutu kuinua macho kuona kama Immaculée bado ameiacha sahani katikati yao.