Siku Jokha Alipokwenda Bondeni

Jumamosi hiyo ya Septemba, mwaka 1997, Jokha aliamka alfajiri kwa sauti ya mumewe akimwita. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita. Abdulwakil hakuwa na maneno mengi tena. Kiharusi kilimwachia manne au matano: la, maji, najua, na jina la mkewe. Jina ndilo alilolitumia zaidi.

Jokha akamgeuza ubavu, akambadilisha shuka, akasali, akarudi kumwogesha kitandani kwa beseni, akamnyoa, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamsagia vidonge vyake ndani ya mtindi. Saa mbili na nusu binti yao Ummukulthum akaingia kutoka kwake Barking, hapo hapo London, amebeba gazeti na chakula cha mchana kwenye mfuko.

"Dawa ya mchana iko juu ya friji," Jokha alimwambia. "Mgeuze kila baada ya saa mbili. Akisema la, usimsikilize, mgeuze tu."

Ummu akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anajua, kwamba aliandikiwa yote kwenye karatasi mbili, na kwamba mama yake avae koti aende zake.

Jokha alikuwa na miaka hamsini na saba. Aliolewa Unguja na mwalimu wa jiografia aliyekuwa akichora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu. Baada ya Mapinduzi mwalimu yule alifukuzwa skuli, akawekwa ndani miezi saba bila kuambiwa kosa, na alipotoka hakutaka tena kusimama mbele ya darasa. Mwaka 1968 walivuka kwenda Dar es Salaam, na baada ya miaka miwili wakafika London. Yeye akapata kazi ya kupanga barua posta, Jokha akasafisha maofisi kule Croydon mpaka siku mumewe alipoanguka bafuni. Tangu siku hiyo hakufanya kazi nyingine ila ya kumuuguza, ndani ya nyumba yao ya Woolwich.

Safari ilikuwa fikra ya Kokila. Huyu alikuwa shoga yake tangu Unguja, binti wa muuza vitambaa wa Kihindi mtaa wa pili, na sasa mjane wa Ramesh, mwenye duka la viungo jirani na soko la Woolwich. Aliona tangazo la safari za siku moja, watu wanane tu ndani ya basi dogo, akakata tikiti mbili bila kuuliza. Alimwambia Jokha: "Kuna bonde, kuna mto, kuna mashamba. Utakaa utazame majani." Hakusema mashamba ya nini.

Ukweli aliusema dereva walipokwisha kuvuka mpaka wa jiji. Aliitwa Harrison, Mkenya wa kutoka Kisumu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na alipowasikia wale wanawake wawili wakizungumza Kiswahili kiti cha nyuma yake alifurahi sana.

"Karibuni sana, akina mama. Leo mtaonja mvinyo mpaka mchoke. Bonde lote la Medway tunakokwenda, huyu mama mwenye shamba ndiye anatengeneza mzuri kuliko wote."

Jokha akageuka taratibu. "Kokila. Umenileta kwenye ulevi?"

"Nimekuleta kwenye majani. Ulevi wataushughulikia hao." Kokila akaashiria kwa kidevu abiria sita waliobaki, Waingereza watu wazima waliokuwa wakigawana peremende.

Siku nyingine Jokha angegomba. Siku hiyo aliona hata kugomba kunataka nguvu. Akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, mizabibu imepangwa safu safu kuteremka mpaka mtoni. Mto wenyewe haukuwa mpana. Ulikwenda polepole, wa rangi ya chai. Mwenye shamba alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira vilivyojaa tope. Wachumaji walikuwa kazini, wanainama na kuinuka na makasi madogo mikononi, na yeye akawaeleza wageni zabibu zinavyopimwa utamu na namna mvua ya wiki moja inavyoweza kuharibu kazi ya mwaka. Kisha akawaingiza kwenye banda la mashine ya kukamulia. Harufu ya uchachu ikampanda Jokha kichwani, akatoka nje akauliza kama kuna simu.

Alipewa simu ya ofisini. Ummu akasema baba hajambo. Baada ya nusu saa akaomba simu tena. Ummu akasema baba amekula. Mara ya tatu Ummu akashusha pumzi na kusema kwa Kiingereza, neno moja moja, kama anayezungumza na mgonjwa: Mama, kaa chini. Usipige tena.

Basi wenzake walipoingia kuonja mvinyo, Jokha alishuka peke yake mpaka mwisho wa safu, karibu na mto. Mchumaji mmoja alimpa kishada cha zabibu nyeupe, ndogo na chachu kidogo. Akavua viatu, akakaa kwenye nyasi, akala tano au sita. Alikusudia kupumzisha miguu tu.

Kokila alipomfuata alimkuta amelala chali, mdomo wazi, mtandio umemtoka, kishada kimemwangukia tumboni. Tangu waanze kujuana, wote wawili wakiwa watoto, hakuwahi kumwona Jokha amelala mahali pa watu. Akamfunika kwa shali yake, akakaa pembeni. Wengine walitembezwa mpaka kwenye kanisa la kale upande wa pili wa mto, wakala mikate na jibini, wakarudi. Kokila hakuondoka pale.

Jokha alilala saa tatu mfululizo. Alipozinduka hakujua yuko wapi, akasikiliza kwanza kama anaitwa. Hakuna aliyemwita. Kulikuwa na maji tu, na wachumaji wanacheka mbali.

"Saa ngapi?"

"Inakaribia saa kumi."

"Wee! Na adhuhuri yangu!"

Alitawadha kwenye bomba la uani, akatandika koti lake katikati ya safu mbili za mizabibu. Alisita kidogo, akijiuliza kama mahali pale panafaa, akaamua kwamba zikiwa mtini bado ni zabibu. Akasali. Alipomaliza alikaa muda mrefu kwenye lile koti bila kuomba dua yoyote.

Harrison akapiga honi. Waingereza walipanda kwanza, wekundu na wachangamfu, chupa zao kwenye makasha. Kokila akapanda. Jokha akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango, akashika chuma, akabaki hivyo.

"Mama, nikushike mkono?" Harrison aliuliza.

"Mkono wangu ni mzima."

"Basi panda, mama, tusipatane na foleni."

Jokha akauondoa mguu kwenye ngazi. "Sipandi," alisema. Akarudi hatua mbili nyuma, akaketi juu ya changarawe kwa kishindo.

Mle ndani mzee mmoja akauliza kama bibi anaumwa. Kokila akashuka haraka, akachuchumaa mbele yake.

"Jokha, una nini? Kizunguzungu?"

"Sina kizunguzungu. Sitaki kurudi."

"Hutaki kurudi wapi?"

"Nyumbani. Kwake. Niache hapa hapa."

Harrison akawatazama, akawatazama abiria wake, akafunga mlango wa basi. Kupitia dirishani akawaambia kwa Kiingereza kwamba gurudumu moja limepungua upepo na itabidi wavumilie kidogo. Kisha akatoa pampu, akazunguka upande wa pili, akaanza kujaza gurudumu lisilo na kasoro.

Jokha akamgeukia Kokila. "Nitakwambia jambo, na ukitaka usinisemeshe tena."

"Sema."

"Leo asubuhi, nikimwogesha. Sabuni ilimwingia machoni. Hawezi kujifuta, unamjua, mkono mmoja umekufa na wa pili haufiki. Akaniita. Jokha, Jokha. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, Kokila. Nilikuwa nimekishika. Nikasimama, nikamtazama. Anabana macho, machozi yanamtoka, na mie nimesimama."

"Muda gani?"

"Sijui. Mpaka akanyamaza. Alinyamaza ndipo nikamfuta." Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwengine. "Sikuwa nimekasirika. Ningekuwa nimekasirika ningeelewa. Sikusikia kitu chochote. Naogopa mikono hii. Nikirudi leo, na kesho, na keshokutwa, sijui itafanya nini."

Kokila hakumwambia kwamba si kitu. Alinyoosha miguu yake, akaketi naye kwenye changarawe, sari ikaingia vumbi.

"Ramesh alipokuwa hajiwezi," alisema, "kuna siku nilifungua duka asubuhi nikafunga jioni bila kupanda juu kumpa chakula. Watoto nikawaambia wateja walikuwa wengi, nikasahau. Sikusahau. Nilikuwa nasikia kengele yake juu ya kichwa changu siku nzima. Hujawahi kuniuliza kwa nini nilikutafutia hii safari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi? Wewe ulikuwa unasifiwa mtaa mzima. Bi Jokha, mke mwema, Bi Jokha, pepo yake iko wazi."

Upande wa pili pampu ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda tena.

"Hakuna anayekulazimisha kulala kwako leo," Kokila akasema. "Kwangu kuna kitanda cha mwanangu Kalpana, kitupu tangu aolewe. Mpigie Ummu."

Jokha akainuka kwa shida, akaenda ofisini kwa mara ya nne. Mwenye shamba alimsogezea simu bila kuuliza neno, akatoka nje.

"Ummu. Leo sirudi. Nalala kwa Kokila."

Ummu akaanza kwa Kiingereza: kwamba ana miadi jioni, kwamba hawezi kumbeba baba peke yake, kwamba jambo kama hili lingesemwa mapema. Jokha alisikia sauti ya mwanawe ikipungua, ikasimama. Kisha ikaja nyingine, ya polepole, yenye maneno yaliyokuwa yakitafutwa moja moja.

"Mama. Wewe umechoka?"

Ilikuwa miaka mingi hajamsikia akisema Kiswahili.

"Nimechoka, mwanangu."

"Umechoka sana?"

"Sana. Siwezi tena."

"Basi lala," Ummu alisema. "Mimi nitakaa na Baba. Lala, Mama."

Alipanda basi. Waingereza walimwachia kiti cha mbele, na bibi mmoja akampa peremende. Njia nzima hakuna aliyezungumza naye, akawashukuru kwa hilo moyoni. Walipofika Woolwich Harrison alimfungulia mlango mwenyewe. "Mama yangu naye alimuuguza baba," alisema, kisha akaona kama amesema sana, akaaga.

Jokha alilala kwa Kokila siku mbili. Jumatatu alirudi, akamkuta Ummu ameketi ukumbini na nguo za Jumamosi, macho mekundu, mgongo umemkamata. Ummu hakuhitaji kuelezwa lolote tena. Wiki hiyo hiyo alichukua ruhusa kazini, akaanza kupiga simu kwa watu wa ustawi wa jamii, akaandika barua, akajaza fomu, akapelekwa dirisha hili na lile. Ilichukua miezi minne. Mwishowe akapatikana mwanamke wa kuja asubuhi tatu kwa wiki kumwogesha Abdulwakil, na nafasi kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, wiki moja kila mwezi.

Abdulwakil hakupenda kuachwa. Baada ya zile siku mbili aligeuzia ukuta uso wake, na kwa siku nane hakupokea chakula mkononi mwa mkewe. Alikula kwa Ummu tu. Siku ya tisa Jokha aliketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza habari ya sabuni. Alimweleza yote, pamoja na kitambaa mkononi. Alitegemea kusikia la, au kutosikia kitu.

"Najua," Abdulwakil alisema.

Alisema huku anamtazama. Jokha hakuweza kupambanua kama ni msamaha au ni hukumu. Jioni ile alimpelekea supu, naye akafungua mdomo.

Wiki ya kwanza aliyopelekwa kule kwenye nyumba ya wagonjwa, Jokha alimsindikiza kwa gari la wagonjwa, akampangia soksi zake kwenye droo, akamwonyesha muuguzi namna anavyopenda kuwekewa mto. Muuguzi, Mkenya kijana aitwaye Dinah, alimwita mzee "Mwalimu" bila kuambiwa na mtu. Alikuwa ameisoma kazi yake ya zamani kwenye fomu. Abdulwakil akamgeuzia kichwa.

Jokha akarudi na basi la abiria. Kokila alipiga simu akisema kuna safari nyingine, ya pwani, nafasi bado zipo. Jokha akakataa, akasema mwezi ujao labda. Alichemsha yai, akalila na mkate amesimama jikoni, akaenda chumbani, akafungua dirisha. Akajilaza upande wake wa kitanda. Ilikuwa saa nane za mchana, jua liko nje, na watu wanatoka sokoni na mifuko yao.