Mzula wa Mtoto Asiye na Jina

Mtoto wa Naanyu alikuwa ameshaota meno na bado hakuwa na jina. Kosa halikuwa lake. Kwa desturi ya Wamaasai wa upande ule wa Kilosa, mtoto hapewi jina mpaka yeye na mama yake wanyolewe asubuhi moja, kwa wembe mmoja, na bibi wa boma ndiye anayeushika huo wembe. Naanyu alikuwa hataki. Kila Seleina, mama mkwe wake, alipoleta habari ya kunyoa, Naanyu hakukosa sababu: mara mtoto anaharisha, mara kichwa kinamuuma, mara Sapit hayupo. Sapit ni mumewe, mlinzi wa nyumba ya wageni kule Mikumi, na kwa kweli kutokuwepo ndiyo ilikuwa tabia yake kubwa.

Basi nywele zikaota. Za mama zikawa kichaka, za mtoto zikajisokota mpaka masikio yakafichika. Wanawake wenzake walimcheka kisimani. “Naanyu, tukutafutie msusi?” Kwa mke wa mtu wa Kimaasai, ambaye kichwa chake hunyolewa daima, huo si utani mdogo. Alicheka nao, akajitwika ndoo yake na kurudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira.

Sababu yenyewe hakuwahi kuisema. Kabla ya mtoto huyu kulikuwa na mwingine, wa kiume. Alinyolewa asubuhi ya Juni, upepo ukishuka kutoka milimani, akapokezanwa na wanawake wa boma zima, kila mmoja akimtemea mate ya baraka kwenye kile kichwa kipya, chekundu kwa wembe. Jioni wazee wakampa jina. Baada ya siku chache akaanza kukohoa, kikohozi kikawa nimonia, na nimonia ikamchukua. Jina lake halikutajwa tena pale bomani, maana Wamaasai hawamtaji marehemu kwa jina. Hata Naanyu alilitamka moyoni tu, tena akiwa peke yake porini akitafuta kuni. Lakini alijua nani wa kulaumiwa. Wembe ulishikwa na Seleina, na kwake hilo lilitosha. Tangu siku hiyo alimwamkia mama mkwe kwa adabu zote, akampikia, akamchotea maji, na hakumtazama usoni.

Sasa Juni ilikuwa imerudi, na Sapit akapiga simu kutoka Mikumi.

“Nimepata ruhusa. Wazee wamekubali. Jumamosi mtoto ananyolewa.”

“Tusubiri Oktoba, joto lirudi,” Naanyu akasema.

“Oktoba atakuwa anatembea. Mtoto anatembea hana jina, umeona wapi?”

“Ana kikohozi, Sapit.”

“Naanyu, basi. Mama amezeeka, anataka kumwona mjukuu wake ana jina. Unamkatalia nini?”

Naanyu akakata simu. Kesho yake akamfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda mpaka Kilosa mjini. Muuguzi wa kliniki alimsikiliza mtoto kifua, akasema mapafu ni mazima, ni mafua tu. “Ila kichwa usikiache wazi na upepo huu. Mtoto mdogo joto lake linapotelea kichwani.” Naanyu aliyameza maneno hayo kama dawa. Akatoka hapo moja kwa moja hadi mtaa wa Magomeni, hapohapo mjini, kwa Yusta.

Yusta ni mama wa Kikaguru aliyefundishwa kufuma na masista, huko kwao juu milimani ambako baridi ni baridi kweli, si hii ya bondeni ya watu kujikunyata na kulalamika. Hukaa barazani na sindano zake, sufu ikiwa ndani ya beseni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyo mtoto ana nywele jamani! Anaitwa nani?”

“Bado,” Naanyu akasema. “Nataka mzula. Mzito, ufunike masikio yote.”

Yusta akachukua futi, akaizungusha kwenye kichwa cha mtoto. Futi ikazama nyweleni, akailegeza kidogo isimbane, akasoma kipimo, akaanza kufuma. Naanyu alikaa pale mpaka kazi ikaisha. Mzula ulikuwa mwekundu, umeshonewa kamba za kufunga kidevuni. Yusta alimvisha mtoto, ukakaa vizuri sana, akapiga makofi mwenyewe kwa kazi yake. Naanyu hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini alirudi nyumbani akitabasamu njia nzima. Safari hii alikuwa amejiandaa. Wanyoe watakavyo.

Jumamosi kulikucha na ukungu, na upepo mwembamba ule unaopenya kwenye mashuka. Sapit alikuwepo, amevaa koti la kazini, anapiga miayo. Wanawake walikaa mlangoni pa nyumba ya Seleina. Seleina alitoka na kibuyu cha maziwa yaliyochanganywa na maji, ya kulowanishia nywele, na wembe mpya ungali kwenye karatasi yake.

Naanyu alinyolewa kwanza. Mkono wa Seleina ulikuwa mwepesi. Nywele zilianguka mapajani kwake vipande vipande, na wembe ulipofika kisogoni alihisi kile kichwa kilichokuwa kichaka kimekuwa uchi. Seleina alipomaliza tu, kabla upepo haujamfikia sawasawa, Naanyu akavuta kitambaa kilichokuwa shingoni, akajifunga kichwani. Ni jambo ambalo mtu hulifanya bila kulifikiria. Kisha akampakata mtoto, akamshika mashavu, na wembe ukaanza tena.

Mtoto alilia kwa hasira mpaka mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akanyoosha mikono kumpokea, Naanyu akakataa. Akatoa mzula wake mwekundu.

Ukaingia mpaka kidevuni.

Akauvuta juu, ukateleza tena, ukamfunika mtoto macho na pua. Akazikaza kamba, mzula ukazunguka kichwani, sikio likawa nje. Mtoto akatupa kichwa nyuma, mzula ukachomoka na kuanguka kwenye samadi. Mwanamke mmoja akacheka, kwa wema tu, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha: Yusta na Naanyu walikuwa wamepima nywele, siyo kichwa. Mkaguru na Mmaasai, wote wawili, hakuna aliyekumbuka kwamba kinachopimwa ndicho kinachoondolewa.

Naanyu hakuona la kuchekesha. Aliona kile kichwa kidogo, kimelowa maziwa, kinatoa mvuke kwenye ukungu. Mtoto akakohoa. Akakohoa tena. Na Naanyu akasimama na kumgeukia mama mkwe wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

“Umefurahi sasa? Utamuua na huyu, kama ulivyomuua Saning'o!”

Vigelegele vikakatika. Jina lile halikuwa limetamkwa pale bomani tangu mwenyewe azikwe. Mwanamke aliyekuwa akicheka akaziba mdomo. Sapit akapiga hatua, mkono juu, akasema, “We Naanyu, una wazimu?” na Seleina akamzuia kwa kidole tu.

Bibi akanyoosha mikono. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, na Naanyu, ambaye alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamtoa kwa mtu, akamwachia. Seleina akafungua kitambaa kilichokuwa kichwani kwake mwenyewe, akakikunja, akamzungushia mtoto kichwani na masikioni. Akaokota mzula, akaukung'uta samadi, akamvalisha juu ya kitambaa. Ukakaa. Akafunga kamba, akamwingiza mtoto ndani ya shuka lake, kifuani. Kikohozi kikatulia.

Ndipo akasema, taratibu, maneno ya kusikiwa na Naanyu tu.

“Siku ile pia ulikuwa umejifunga kitambaa.”

“Siku gani, yeyo?” Naanyu akauliza, akimwita mama kwa lugha yao.

“Siku ile. Wanawake walipomaliza kumbariki, walimrudisha mikononi mwako. Kichwa chake wazi, chako kimefunikwa. Nilikiona. Nikajiambia, huyu ni mama, sasa hivi atakifungua amfunge mtoto. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi, bado kilikuwa kichwani kwako.”

Naanyu alitaka kusema siyo kweli. Lakini aliikumbuka ile asubuhi, na kwa mara ya kwanza aliikumbuka yote: kitambaa cha bluu, na jinsi alivyokikaza fundo kwa sababu upepo ulikuwa unamuuma.

“Mbona hukusema?”

“Ningesema ili iwe nini? Ulikuwa na mtoto wa kuzika.” Seleina alimpapasa mjukuu wake mgongoni. “Mwenye wembe ni mimi. Ningeweza kumfunika mimi, lakini nikaenda kunawa. Nikaona, bora unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe. Wewe ulikuwa bado unatakiwa kuzaa.”

Kichwa cha Seleina kilikuwa wazi, kidogo kuliko Naanyu alivyodhania, mvi zimechipua kama unga, na ngozi imesisimka kwa baridi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

Naanyu akapeleka mkono kichwani. Kitambaa kilikuwepo. Alikuwa amesimama pale muda wote ule, akipiga kelele kwa ajili ya kichwa cha mtoto, na chake kimefungwa fundo imara.

Akakifungua. Akamfunga mama mkwe wake, akakishusha mpaka chini ya masikio, na mzee akainamisha kichwa ili afikiwe.

Upepo ukamkuta Naanyu kichwa kitupu. Ulikuwa mkali. Uliingia kwenye ngozi mbichi ya wembe, ukashuka hadi kwenye meno, na hakuwa na kitu cha kujifunika, na hakukitafuta. Sasa alijua ilivyokuwa kwa mtoto yule asubuhi ile. Akaketi chini kwenye nywele zao zilizoanguka, za kwake na za mtoto, akamlilia Saning'o kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu wote, na Seleina akawaashiria wanawake wamwache.