Anwani ya Mita Ishirini na Mbili

Fundi Betri aliweka beseni la maji juu ya kaunta, akasogeza kopo la skrubu, akatumbukiza kihisi cha mashine ya kwanza. Kioo kikawaka. Samaki sita wa rangi ya buluu wakapita mmoja nyuma ya mwingine, ndani ya beseni ambalo asubuhi hiyo alikuwa amefulia soksi zake.

"Mnaona?" akasema. "Hii haikawii."

"Imeona soksi," akasema Baba Mdogo.

Mteja hasa alikuwa Binti. Mashua ilikuwa yake, na nahodha alikuwa yeye tangu goti la Baba Mdogo lilipoanza kumsumbua. Baba Mdogo, ndugu wa pekee wa baba yake, alikuwa fundi wa injini wa mashua hiyo na mbishi wake pia, kazi ambayo hakuna aliyempa ila aliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Walitaka mashine ya kutafutia samaki. Kihisi chake hufungwa nyuma ya mashua, chini ya maji, kikatuma sauti. Sauti hushuka, hugonga kilichoko, hurudi, na kioo huchora ilichogonga. Fundi Betri alieleza hayo kwa mikono yote miwili. Lakini si samaki tu waliowaleta dukani. Mwaka huo walikuwa wamepoteza nyavu tatu mahali pamoja, na Binti alitaka kuona sakafu ya mahali hapo kabla hajapoteza wa nne.

Mahali penyewe paliitwa Mla Nyavu. Ukilinganisha tangi la maji la hospitali na dohani ya kiwanda cha sabuni, mpaka tangi likae juu ya dohani kama kofia, basi uko hapo hapo. Wavuvi wote walijua kwamba chini kuna mwamba. Mkondo ukikusukuma na wavu ukanasa, ulitoa kisu, ukakata, ukatema mate majini na kusema, "Shiba, mlafi!" Kisha uliondoka bila kugeuka nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na moja, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwamba ule haukuwa na njaa kabla ya hapo.

Mashine ya pili ilikuwa nzuri ndani ya duka. Binti akaitoa nje, akaiinua juani. Kioo kikawa cheupe kama sahani iliyooshwa.

"Samaki wako watavuliwa kivulini?" akamuuliza fundi.

"Unaweza kujifunika kanga," akasema Fundi Betri, bila matumaini.

Ya tatu ilikuwa kwenye boksi la viatu, imefungwa kwa gundi ya karatasi. Fundi hakutaka kuitoa. Alisema imerudishwa mara mbili.

"Ina kasoro gani?"

"Haina. Inaonyesha kilichopo." Akakuna shingo. "Wa kwanza aliona pete ya mkewe, ile aliyoambiwa imeibwa. Wa pili hakusema aliona nini. Aliiweka hapo kaunta akaondoka, hata risiti hakudai."

Wakaijaribu kwenye beseni. Kioo kilichora sakafu ya beseni, ufa mdogo upande wa kulia, na uzi mmoja wa soksi. Hakukuwa na samaki hata mmoja. Binti akaona moyo wake umetulia, kwa kuwa hatimaye amepata chombo kisichotia chumvi.

"Nachukua hii," akasema.

Baba Mdogo alibisha mpaka mlangoni, kisha akaibeba yeye.

Kesho yake asubuhi walifunga kihisi nyuma ya mashua, kando ya propela ili mapovu yasikisumbue, wakapaka gundi kwenye matundu ya skrubu, wakatoka. Mashine ilifanya kazi kama ilivyotakiwa. Palipokuwa na samaki ilichora vipinde vya manjano, na waliposhusha wavu samaki walipanda. Palipokuwa patupu ilichora utupu. Baba Mdogo alijaribu mara mbili kuikamata ikisema uongo, ikamshinda.

Saa tatu hivi tangi lilikaa juu ya dohani. Binti akapunguza mwendo.

Kioo kilichora sakafu ya tope, kisha kitu kirefu, bapa, chenye pembe nne. Mwamba hauna pembe nne. Lilikuwa tishari la bandari, kile chombo kipana cha chuma cha kubebea mchanga, limelala kwa ubavu, na ubavuni namba saba ilisomeka vizuri. Kando yake ilikuwa mashua ndogo, pua juu. Nyavu zilikuwa zimekunjwa juu ya tishari mafungu mafungu, kwa mpangilio, kubwa peke yake na ndogo peke yake. Katikati ya mafungu hayo alikaa mwanamume mwenye kofia ya pama, anashona wavu kwa mkono wa kushoto, sindano ya akiba amechomeka nyuma ya sikio.

Pembeni mwa kioo, mashine iliandika kina: mita ishirini na mbili.

"Kaka amekonda," akasema Baba Mdogo.

"Shikamoo, Baba," akasema Binti.

Fundi alikuwa amesema kwamba sauti hushuka na kurudi kabla hujapepesa jicho, na alisema kweli. Mwanamume akainua mkono, akaupunga mara moja, akarudi kwenye kazi yake.

Baba Mdogo akavua kofia. Akakumbuka nyavu zote alizozikata hapo kwa kisu chake, na maneno aliyoyasema kila mara. Akakaa chini polepole kwa sababu ya goti.

"Nimemwita ndugu yangu mlafi miaka kumi na moja," akasema. "Naye ananishonea."

Sasa ni lazima Mama aelezwe. Mumewe alitoka alasiri moja kwenda kuvua na hakurudi, yeye wala mashua yake. Siku tatu watu walimtafuta. Siku ya nne mtu mmoja alisema amemwona ng'ambo. Siku ya tano alikuwa ameonekana ng'ambo na mwanamke. Kufika mwisho wa mwezi mwanamke huyo alikuwa na saluni, gari jeupe na mimba. Wakisema lisemwalo lipo, basi hili lilikuwepo mpaka na viti vya kusubiria wateja. Ofisi ya bandari nayo, ambayo kwa utaratibu wake hufunga kila faili kabla ya mwaka kwisha, iliandika kwenye daftari la wavuvi, mbele ya jina lake: *Amehama.*

Tangu hapo Mama hakwenda harusi ya mtu. Hakuna kitu kilichomuuma kama lile swali la watu wenye adabu, "Na baba watoto yuko wapi siku hizi?" Nguo za mumewe alizitia sandukuni, sanduku akaligeuza uso ukutani. Chuki yake aliitunza vizuri, akaifuta vumbi kila asubuhi, maana bila hiyo angebaki na swali tupu. Binti alikulia katika nyumba hiyo. Mara nyingi alilala akijiuliza walimkosea nini baba yao hata akawaacha bila kwaheri.

Walipomweleza, Mama alikuwa anachambua mchele. Alimaliza ule uliokuwa kwenye ungo, akaufunika, akavaa viatu.

Mashuani alikaa mbele ya kioo, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kliniki. Tangi likasogea, likakaa juu ya dohani. Binti akazima injini.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Akaangalia kofia, mkono wa kushoto, sindano nyuma ya sikio. Akaiangalia ile mashua ndogo ambayo hata rangi yake ya mwisho aliichagua yeye.

"Kumbe ulikuwa hapa hapa," akasema.

Mwanamume akainua uso. Akaweka sindano chini, jambo ambalo hakulifanya kwa Binti wala kwa ndugu yake.

"Nilikuchukia, baba watoto," Mama akasema. "Nilikuchukia kwa moyo wangu wote, mpaka nikachoka. Nisamehe. Walinipa mwanamke wa saluni, nikampokea."

Akalia, kisha katikati ya kulia akaanza kucheka, akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Binti naye alilia, akasikia kitu kinamtoka kifuani, kizito, alichokuwa amekibeba tangu utotoni akidhani ni sehemu ya mwili wake. Baba yao hakuwaacha. Alizama. Ilikuwa habari ya msiba, na walirudi nayo ufukweni wakiwa wepesi kama watu waliotoka kuoga.

"Shemeji," Mama alisema wakifunga kamba gatini, "lile tishari si ndilo walilosema limeuzwa?"

"Ndilo," akasema Baba Mdogo. "Lilikuwa limeoza. Lilitoweka gatini wiki moja kabla ya kaka."

Hawakuhitaji kuambizana zaidi. Wavu wa Baba ulinasa kwenye chuma kilichotupwa kimya kimya pasipo boya, mashua ikavutwa kwa nyuma, maji yakaingia. Wakaenda ofisini moja kwa moja.

Karani wa bandari alikuwa kijana mpole, na alikubali kwenda kuangalia. Alivaa jaketi la kuokolea maisha tangu ofisini. Juu ya Mla Nyavu aliinama kwenye kioo, akaamkia, akaitikiwa kwa mkono, akaisoma namba saba kwa sauti. Aliporudi alivua jaketi, akalitundika, akakaa nyuma ya meza yake.

"Tishari namba saba liliuzwa," akasema. "Stakabadhi ipo."

"Si umeliona sasa hivi?" akauliza Baba Mdogo.

"Mimi nimeliona, mzee wangu. Ofisi haijaliona."

"Basi liwekewe boya," akasema Binti, "nyavu zisinase."

"Boya linawekwa penye kizuizi. Kwenye ramani hapo hakuna kizuizi. Nikiweka boya nitakuwa nimesema ramani inadanganya, na ramani ina saini ya mkubwa."

Akafungua daftari. *Amehama* lilikuwa limeandikwa kwa wino, na kilichoandikwa kwa wino hakifutwi. Karani alisikitika kwa dhati. Alimvutia Mama kiti.

Mama hakukaa. Alikuwa anasoma daftari juu chini.

"Hii nafasi hapa ni ya nini, mwanangu?"

"Ya anwani mpya, mama. Mtu akihama huandikwa alikohamia. Ya mzee haikujazwa."

"Jaza."

Karani akafikiri. Hakuna kanuni iliyokataza. Akachukua kalamu, na Mama akamtajia taratibu, naye akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Chini ya tangi na dohani, mita ishirini na mbili, juu ya tishari.* Alipofika neno *tishari* alisita, akaangalia mlango, akaliandika. Akagonga mhuri.

Juma hilo Binti alifunga dumu la manjano kwa kamba ndefu, akalishusha Mla Nyavu liwe boya. Alhamisi boti ya bandari ikaja, ikaliondoa kwa kuelea bila kibali. Akafunga jingine. Nalo likaondolewa.

Mashine haikurudishwa dukani. Fundi Betri aliwauliza mara moja, kwa wasiwasi, kama wameridhika nayo, nao wakasema wameridhika. Ilikuwa ikionyesha samaki bila kukosea. Baba yao pia alijaribu kusaidia. Walipopita juu yake alinyoosha kidole upande mmoja au mwingine, kwa kujiamini sana. Baba Mdogo aligeuza usukani upande wa pili. Alivua na kaka yake miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakumwona akijua samaki walipo. Walipata samaki wengi.

Mama naye alikwenda harusi ya kwanza iliyopatikana. Alivaa nguo aliyoinunulia harusi nyingine, miaka mingi nyuma, akaipunguza kiuno. Alikaa meza ya mbele. Haikupita nusu saa, mama mmoja mwenye adabu akamwinamia.

"Na baba watoto yuko wapi siku hizi?"

"Yuko mita ishirini na mbili," akasema Mama. "Ukitaka kumsalimia, angalia tangi likae juu ya dohani. Nisogezee hayo maandazi, dada yangu."

Siku chache baadaye mkondo ulikuwa mkali, na wavu wa jirani yao, mpya kabisa, ukanasa kwenye tishari lisilokuwepo. Binti aliiona mashua ya jirani ikianza kurudi nyuma, maji yakilamba ukingo. Jirani akatoa kisu, akakata. Mashua ikaruka mbele, ikatulia. Alisimama kidogo akipumua, kisu mkononi, na mate yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza.

"Shikamoo, mzee," akayaambia maji. "Kazi nyingine hiyo."