Tairi Huaga Kwanza

Mume wangu aliendesha lori hadi magoti yakakataa, na katika miaka yetu yote nilimsikia akimwita mtu mmoja tu mwongo mbele ya watu. Mtu huyo alikuwa mtoto wetu wa pekee, na uongo wenyewe ulikuwa wa tairi.

Mtoto alikuwa amefunga usukani wa plastiki kwenye meza ya chumbani kwake. Chini kulikuwa na pedali, mbele kioo cha kompyuta. Akitoka kazini anajifungia humo, anashindana magari na watu asiowajua, kila mmoja yuko kwao, wanakutana kwenye mtandao. Mimi nilikuwa napita na nguo zangu za kushona, naona gari jekundu linakata kona, naendelea na safari yangu ya jikoni.

Siku hiyo tulikuwa na wageni. Mtoto akamwita baba yake ajaribu.

"Baba, waliotengeneza hii wamepima kila kitu. Tairi likipata moto unasikia mkononi. Likichoka unasikia."

Mume wangu akakaa. Kona ya kwanza tu gari likachomoka kama sabuni bafuni. Akarudia. Likachomoka tena.

"Huu uongo," akasema. "Tairi la kweli halikutupi ghafla. Huaga kwanza. Usukani unakuwa mwepesi, kama mtu anayelegeza mkono wako kabla hajauachia. Hili lako limenitupa bila hata salamu. Unamdanganya nani, mtoto? Mimi niliyelala chini ya lori mvua inanyesha?"

Wageni wakacheka. Mtoto hakucheka.

"Si uongo, Baba. Wewe ndiye hujui kusikiliza."

Kumwambia dereva mzee kwamba hajui kusikiliza gari! Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Mume wangu aliinuka, akarudi kwa wageni, akamaliza chai yake. Haikuchukua muda mtoto akapata kazi ya ghala katika nchi ya mbali. Baba yake alimpa mkono mlangoni, akamwambia "safari njema" kavu kama mkate wa juzi, na hakwenda kumsindikiza. Nilikwenda peke yangu. Usukani na kompyuta aliviacha pale pale mezani.

Baadaye mtoto akaniandikia: Mama, mwambie Baba wale waliotengeneza mchezo wamebadilisha tairi. Ajaribu sasa.

Nikamwambia. "Nimesikia," akasema, na hakujaribu.

Kisha akaugua kifua. Kilipomzidi, asubuhi moja akaniomba nimpeleke kwenye kile chumba nimkalishe kwenye kiti. Nilimwashia kama nilivyomwona mtoto akiwasha. Barabara ya mle ndani ilikuwa imelowa. Aliendesha polepole, mimi nimesimama nyuma yake, mkono begani kwake asije akaanguka. Kwenye kona moja niliona vidole vyake vikitulia, vikalegea kidogo, gari likayumba kisha likarudi njiani.

"Kumbe," akasema.

Akaizunguka kona ile tena, makusudi.

"Limeaga. Umeona? Limeniaga."

Sikuona kitu, lakini nikasema nimeona.

"Mwambie mtoto nimejaribu. Mwambie limeaga, na mwongo hakuwa yeye. Ila usimwandikie. Neno kama hili mtu apewe sikioni."

"Si umpigie mwenyewe?"

"Nikipata pumzi."

Hakuipata. Mungu amrehemu.

Mtoto hakuja mazikoni. Vibali vyake vya huko havikumruhusu kutoka. Tangu hapo akawa mtu wa maneno mawili matatu: "Niko salama, Mama." "Niko kazini, Mama." Siku niliyomkamata kwenye simu nikasema haraka, "Baba yako kaniachia neno lako," alinikatiza hapo hapo. Kisha akasema, "Mama, nitakupigia." Nikangoja. Kila nikianza tena habari ya baba yake, jibu ni lile lile, nitakupigia.

Nikaelewa. Alidhani neno lenyewe ni la kunyimwa radhi. Na mtu anayeogopa kunyimwa radhi hamfungulii mlango tarishi, hata tarishi awe mama yake. Ningeweza kumwandikia, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeagizwa, na aliyeagiza hayupo tena wa kumwomba abadilishe.

Nilikuwa bado nimo kwenye eda, natoka chumbani kwenda jikoni, jikoni kwenda kwenye cherehani. Asubuhi nilikuwa natoa vikombe viwili kabatini, kisha narudisha kimoja. Jirani yangu mmoja, mwanamke fundi wa simu, mwenye mdomo kama pasi ya moto, akaja kunizimia ile kompyuta isile umeme bure. Akaigusagusa, akasita.

"Mama, mwanao yumo humu."

"Yumo wapi?"

"Unaona hiki kitaa cha kijani? Ni yeye, kwa jina alilojiandikishia hapa. Wana chumba chao cha mashindano, kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Waswahili watupu, wametapakaa dunia nzima."

"Naweza kumsikia?"

"Kumsikia lazima uingie. Kuingia lazima uendeshe."

"Mimi? Hata baiskeli sijawahi."

"Cherehani je?"

"Cherehani ndiyo kazi yangu."

"Basi mguu unao. Bado mkono na aibu. Aibu iache jikoni."

Akaniandikisha kwa jina la Mpitanjia. Akanivalisha vile vya masikioni vyenye kipaza sauti, akanionyesha kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba nikitaka kusema. Mwanangu mle ndani alijiita Utingo. Utingo ni yule anayesafiri na dereva wa lori, anapanga mzigo, anaweka jiwe chini ya gurudumu gari lisirudi nyuma. Likizo za shule alikuwa utingo wa baba yake. Nilipoliona jina lile kwenye kioo nilivua miwani, nikaifuta, na haikuwa na vumbi.

Jumamosi ya kwanza nilisikia sauti zao zikinijaa kichwani.

"Mgeni huyo! Mpitanjia, karibu. Mbona kimya?" Huyu alikuwa mwanamke, msimamizi wa chumba, wanamwita Dada Petroli.

"Bubu," akasema mmoja aliyejiita Kichwamaji. "Ametutumia picha tu, sauti inakuja na meli."

"Mwacheni. Wengine wanapenda kusikiliza."

Huyo alikuwa mwanangu. Sauti yake ilikuwa pana, imepumzika. Sikuwa nimeisikia hivyo tangu aondoke.

Taa zikawaka, nikasema bismillahi, nikakanyaga mafuta. Gari likazunguka kama pia kabla hata ya kona.

"Mpitanjia, mbele ni huku!" Kichwamaji akapiga kelele. "Huko ulikoelekea ni kwenu!"

Wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, peke yangu chumbani, mkono mdomoni.

"Mpitanjia, nisikilize," akasema mwanangu. "Tairi bado baridi, na la baridi halishiki kitu. Mzunguko wa kwanza usikimbilie, lipashe taratibu. Halafu usiupiganie usukani. Ukiona umekuwa mwepesi mkononi, ujue tairi linakuaga. Punguza, litakurudia."

Hayo ya kuaga yalikuwa maneno ya baba yake. Alikuwa anampa mtu asiyemjua, tena kwa upole, na mimi nilikuwa sijapewa naye hata dakika ya kumaliza sentensi.

Nikawa nakwenda kila Jumamosi. Eda ikaisha, wifi yangu akaniita kwake siku hiyo hiyo ya Jumamosi, nikakataa.

"Una nini na Jumamosi wewe?"

"Nina miadi na mwanangu."

"Amekuja?"

"Hajaja."

Akaniangalia kwa huruma, nadhani alisema na wenzake kwamba msiba umenigusa akili. Sikumlaumu. Ningemweleza nini?

Nilijifunza. Pedali ya breki ukiikanyaga kwa hasira, gurudumu linakwama, tairi linasagika upande mmoja, na mwendo mzima uliobaki usukani unagongagonga kama cherehani yenye mkanda uliolegea. Ukiwa mpole, linakuwa zito mkononi kwenye kona, uzito mzuri, kama kumvusha mtu barabara umemshika mkono. Nilikuwa wa mwisho kila mara. Mwanangu akimaliza huko mbele alikuwa anabaki kunisubiri, anasema, "Mpitanjia, leo umejitahidi." Hilo neno moja nilikuwa naishi nalo mpaka Jumamosi nyingine.

Kila mara nilikuwa naweka dole gumba juu ya kitufe. Nakumbuka "Mama, nitakupigia." Naliondoa. Maana huku nilikuwa nampata kwa saa nzima, na kule simuni simpati kabisa. Nilikuwa nimebeba neno la marehemu, na nilikuwa nalichelewesha ili nisipoteze sauti ya aliye hai. Mungu ndiye anajua kama nilikosea.

Ikaja Jumamosi ya mvua. Ya mle ndani, nje kwangu jua lilikuwa linachoma. Dada Petroli alisema leo barabara imelowa, kila mtu na roho yake. Mwanangu alikuwa anaongoza. Alikuwa amenipita mzunguko mzima, akaja akanipita tena, ndipo kwenye kona ndefu mbele yangu nikaona mkia wa gari lake unateleza. Likazunguka, likagonga ukuta, likasimama katikati ya njia, pua imetazama upande.

"Nimekwisha," akasema.

Kila mtu katika mashindano anajua la kufanya hapo: unapita. Lakini mimi nilikuwa mke wa dereva wa lori. Mume wangu hakuwahi kumpita mwenzake aliyekwama, hata ugomvi uwe mkubwa kiasi gani. Anaegesha nyuma yake, upande yanakotoka magari, ili anayekuja na mwendo aone kitu kikubwa kwanza. Basi nikakanyaga breki kwa upole, nikaegesha nyuma ya mwanangu. Na kidole changu, sikukituma, kikawasha taa mara mbili, kikazima. Ndivyo baba yake alivyokuwa anafanya akifika kwenye kona ya mtaa wetu, ili mimi niweke maji motoni na mtoto akimbie kumfungulia geti.

Kichwamaji akatugonga wote wawili.

"Nani kaegesha? Hapa ni stendi? Mpitanjia! Unashusha abiria?"

"Mpitanjia, ukisimama barabarani kanuni inataka nikutoe," akasema Dada Petroli. "Una tatizo? Usukani umekufa?"

"Amekuja kumvuta mwenzake kwa kamba!" Wengine wakaangua kicheko.

Mwanangu peke yake hakucheka. Kicheko chao kikachoka, kikaisha.

"Mpitanjia," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nani kakufundisha kuwasha taa hivyo?"

Dole gumba likabonyeza.

"Ni mimi, mwanangu."

Kisha kitaa cha kijani cha Utingo kikazima.

Nilikaa pale mpaka mashindano yakaisha na Dada Petroli akaniambia, kwa adabu sasa, "Shikamoo, Mama. Samahani kwa maneno yetu." Nikamjibu marahaba, nikavua vya masikioni. Nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia friji ya jirani.

Jumamosi iliyofuata hakuwepo. Na nyingine hakuwepo. Niliingia, nikaendesha na wale wengine, walikuwa wananipisha kwenye kona kama wanapisha jeneza. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Nilitamani Kichwamaji anitukane. Nikaacha kuingia. Nikawasha kompyuta tu, nikashona mbele yake, nikitazama pale ambapo kitaa kingekuwa.

Siku moja, si Jumamosi, nilikuwa natia pindo sare ya shule, kioo kikalia kama kengele ndogo. Mwaliko, kutoka kwa Utingo. Chumba cha watu wawili, mlango una kufuli, barabara ile ile, imelowa. Niliacha sindano kwenye kitambaa.

Gari lake lilikuwa limesimama mwanzoni, la kwangu likatokea nyuma yake. Hapakuwa na taa za kuanzia, hapakuwa na wa kuhesabu. Nilimsikia anapumua. Akaondoka polepole, nikamfuata. Kwenye kona ya kwanza mguu wangu ukaingiwa na pupa, nyuma ya gari ikayumba.

"Tairi bado baridi, Mama," akasema. "Usikimbilie."

"Sawa, baba."

Tukazunguka mara moja. Maji yalikuwa yanaruka kutoka kwenye magurudumu yake, naona taa zake nyekundu tu ndani ya ule ukungu. Tulipofika kwenye kona ndefu, akasema:

"Sema basi. Neno la Baba."

Nikabonyeza kitufe kwa dole gumba.

"Alijaribu. Nilimkalisha kwenye kiti chako, hiki nilichokalia. Barabara ilikuwa imelowa hivi hivi. Akasema: mwambie mtoto limeaga, na mwongo hakuwa yeye."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Aliirudia kona makusudi, ahakikishe."

"Akasema limeaga."

"Akasema limeniaga. Akaniuliza umeona. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema nimeona."

Gari lake likapunguza mwendo. Likapunguza tena, mpaka likasimama katikati ya njia tupu, mvua ikilinyeshea. Vya masikioni vikaniletea sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Nikakanyaga breki taratibu. Nikaegesha nyuma yake, upande yanakotoka magari, ingawa hapakuwa na gari lingine lolote. Nikawasha taa mara mbili, nikazima, nikangoja.