Mbingu ya Ghorofa ya Nne

Mambo ya Soud bin Khelef yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe 11 Agosti 1999, saa tano na dakika ishirini asubuhi, jua lilipopatwa. Wiki nzima serikali ilikuwa ikitangaza kwamba watu wasilitazame jua kwa macho makavu. Soud hakuwa mtu wa kuiamini serikali, lakini macho yalikuwa yake, akatii. Majirani zake wote wa jengo lile la Stratford, London, walishuka uwanjani na vipande vya kadibodi walivyovitoboa kwa sindano. Yeye alibaki ghorofa ya nne, akalala chali kitandani, akatazama dari.

Dari ilikuwa na kuvu. Ilianza mwaka 1993, doa moja la ukubwa wa senti, ikaenea mpaka juu ya kabati. Mkewe, Ummukulthum, aliipiga vita kwa dawa ya kufulia na ufagio wa mpini mrefu, na barua zikapelekwa kaunsili, wenye jengo. Kaunsili ikajibu kwa kikaratasi chenye picha. Kikaratasi kilisema unyevu unaletwa na wapangaji wenyewe: wanapika sana, wanaanika nguo ndani, na wanapumua madirisha yakiwa yamefungwa. Ummukulthum alipunguza kupika. Kupumua alikuja kupunguza baadaye, Februari 1999, akiwa na miaka hamsini na minane, chini ya dari hiyo hiyo.

Asubuhi ile ya kupatwa kwa jua ilikuja barua nyingine. Soud hakusoma sana shule, na Kiingereza cha wakubwa kilimpiga chenga, kwa hiyo alimtajia binti yake Miska herufi moja moja kwenye simu, na Miska kule Queensbury akaziunganisha. Iliwachukua dakika arobaini.

"Dad, wanasema it's done," Miska akasema. "Dari ilitengenezwa tarehe 14 Machi 1996. Kazi imekamilika, faili limefungwa."

"Imetengenezwa na nani?"

"Hawasemi."

"Na Hayat?"

Hayat alikuwa mtoto wa Miska, mwenye miaka miwili. Majira ya kuchipua alilala kwa babu yake usiku mmoja tu, akaamkia hospitali, kifua kinapiga filimbi. Tangu hapo Miska alikula yamini kwamba mtoto hatalala tena nyumba ile mpaka dari iwe nyeupe. Soud alikuwa na haja moja tu duniani, mjukuu wake alale kwake usiku wa kuamkia Idi, amvishe kanzu ya maua aliyoiacha bibi yake imeshonwa nusu. Upande wa pili aliumalizia Soud mwenyewe, kwa mkono, vibaya.

Basi alikuwa amelala chali akiitazama dari iliyokamilika. Ilipotimia saa tano na ishirini, nje kulififia kidogo tu. Chumbani, dari ndiyo iliyoingia giza totoro, na madoa ya kuvu yakawaka moja baada ya jingine. Yakaanza kusogea polepole kutoka upande wa mlango kwenda upande wa dirisha. Soud aliyatazama mpaka adhuhuri. Kisha akaondoka kwenda kukosha mchele.

Alasiri alisikia hodi. Mlangoni palisimama mtu mrefu mwenye joho jeusi na kola nyeupe, viatu vyake vimejaa udongo.

"Umetoka kaunsili?" Soud akauliza.

"Nimetoka kaburini."

"Aa," akasema Soud, moyo umemvunjika. "Haya, karibu. Viatu hapo hapo mlangoni."

Mgeni aliitwa Kasisi Obadiah Thurlby. Alizungumza Kiswahili cha Wete, Pemba, kwani maiti hufuata lugha ya mwenye nyumba. Alikuwa kasisi wa mtaa ule wakati ungali kinamasi na ng'ombe. Kwa miaka thelathini na mmoja aliandika kitabu kimoja kinene kilichoeleza kwamba Mungu ameandika vitabu viwili, Maandiko na mbingu, kwa mkono mmoja, na anayeona vinagombana basi hajajua kusoma kimojawapo. Aliipima mbingu kwa darubini na kuihakikisha kwa Zaburi. Akapata tabaka saba, kila moja na malaika msimamizi, na kila roho njema imepangiwa nyota yake.

"Hata kwetu ni saba," Soud akasema.

"Basi tumehesabu sawa. Mimi nilikuwa na darubini tu."

"Na unyevu ni wa nani?"

Kasisi alifurahi, maana hakuna aliyemuuliza jambo hilo tangu mwaka 1669. "Wa Mwezi. Bahari, umande, jasho, kuta, vyote viko chini ya malaika wa Mwezi."

"Na juu yake nani?"

"Utaridi."

"Na juu yake?"

"Zuhura. Kisha Jua, kisha Mirihi, Mushtara, Zuhali."

"Ndiyo maana," akasema Soud. "Kaunsili tupu."

Kitabu kile Thurlby alikuwa amempelekea askofu wake. Askofu alijibu kwamba amekipokea na kinashughulikiwa. Miaka miwili baadaye kasisi akafa, na mpaka leo hajapata neno. Asubuhi ile, huko aliko, alihisi mbingu yake imefunguka mahali karibu, lakini ina nyota moja ambayo hakuiandika. Alikuja kusahihisha.

Nyota yenyewe ilikuwa juu ya kabati. Ilikuwa ndogo, imekaa peke yake, na kila Soud alipozidisha chumvi kwenye mchuzi ilipepesa mara mbili. Soud aliijua siku ya kwanza. Alipunguza chumvi.

Kasisi ndiye aliyepata tabu. Kitabu chake hakikuwa na nafasi ya mwanamke wa Kiislamu kutoka Wete, achilia mbali tabaka la kwanza. Alikuja kila alasiri, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akala kachori, akafikiri. Alifikiri siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alisema aliyekosea ni yeye, nyota haikukosea, akaandika nyongeza pembeni mwa ukurasa. Soud alimwambia ni mtu mzima wa kwanza mwenye cheo kumsikia akisema amekosea.

"Ndiyo maana sikupandishwa," akasema kasisi.

Wakaona pia kwamba nyota ya Ummukulthum haifuati wenzake. Kila siku ilijivuta shubiri moja kuelekea pembe ya dirisha, ikifika hapo inasimama kama mtu aliyeshika kiuno. Thurlby alichukua vipimo kwa uzi na sahani, akakokotoa. Jawabu lilikuwa kwamba nyuma ya pembe ile, dhiraa moja na nusu juu, bomba la maji ya mvua limepasuka upana wa kidole. Aliandika ripoti ya kurasa arobaini, ina michoro kumi na Mwanzo sura ya kwanza yote. Soud akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya wiki sita kaunsili ilijibu kwa kikaratasi chenye picha. Wafungue madirisha.

Wakubwa hawana haraka. Haraka ni ya wanaokohoa.

Habari haikai ghorofa moja. Ilipofika tarehe ishirini na tisa ya Shaabani, London ilikuwa chini ya wingu zito kama godoro, na kama kila mwaka hakuna aliyejua kesho ni funga au si funga. Kila mwaka jumuiya ya Wazanzibari ilitazama angani, haikuona kitu, ikarudi ndani kugombana. Mwaka huu mtu alisema nyumbani kwa Soud mbingu haina wingu. Jua lilipokuwa linatua, yapata saa kumi jioni, Wazanzibari arobaini walikuwa wamepanga viatu vyao kwenye ngazi mpaka ghorofa ya pili, nao wamebanana chumbani, shingo juu. Mwenyekiti wa jumuiya, Maalim Hafidh, alipewa nafasi ya kulala kitandani.

Mwezi ukaandama. Ulitoka pembeni mwa taa, mwembamba kama ukucha uliokatwa.

"Ule pale!" wakasema wengi.

"Ule wapi?" akasema Maalim Hafidh. "Mimi naona koga."

"Koga ina pembe mbili, Maalim?"

"Mwezi unaonwa mbinguni. Hapa ni chumbani kwa watu."

"Na simu ya Makka unayoingoja kila mwaka iko mbinguni?" mwanamke mmoja akauliza kutoka mlangoni. Watu wakacheka. Maalim akavuta mto.

Thurlby aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki akatoa ushahidi. Alisema ameupima, una umri wa saa kumi na saba na nusu, na yuko tayari kuapa.

"Wewe ni Muislamu?" Maalim akamuuliza.

"Mimi ni kasisi, na ni maiti."

"Basi ushahidi wako haufai."

"Kwa sababu ya umaiti?"

"Kwa sababu ya ukasisi. Umaiti ni neno jingine, litahitaji kikao."

Nusu yao walifunga Alhamisi na nusu Ijumaa, kama kila mwaka.

Kaunsili, ambayo miaka sita haikupata njia ya kufika ghorofa ya nne, ilifika baada ya siku tatu. Alikuja kijana mwenye kamera. Alipiga picha viatu vilivyosahauliwa ngazini. Aliingia chumbani, akainua kichwa, akautazama Mushtara ukipita na miezi yake midogo minne, akaandika kwenye fomu: unyevu wa pumzi. Jumatatu ikaja barua. Soud alionywa kwamba nyumba ya kuishi haitumiki kwa mikutano ya dini, na akirudia atatolewa.

Soud alivaa koti la mazikoni. Alasiri ile kasisi alipokuja hakumkaribisha kachori.

"Vaa viatu," akamwambia. "Leo twende wote."

Afisini walipewa namba, wakakaa. Aliyewaita dirishani alikuwa Mkenya, jina lake Jedidah, miwani juu ya kichwa, shali mabegani kwa sababu hita ya afisi ilikuwa imeharibika tangu Oktoba.

"Mzee, karibu. Na huyu ni nani?"

"Padri. Amekufa."

"Anaishi kwa hiyo nyumba?"

"Anakuja alasiri, magharibi anaondoka."

"Basi si mpangaji. Sawa, kaeni." Alisoma kwenye kompyuta. "Lakini Mzee, hii kazi ilifanywa. Machi tisini na sita."

"Mama, mimi nalala chini yake."

"Naelewa, lakini system inasema kazi imeisha. Na nikifungua mpya itakataa, itaniambia iko tayari."

"Waliosema iko tayari waliiona?"

Jedidah akainuka, akaenda nyuma, akarudi na faili la karatasi lenye vumbi. Alifunua mpaka Machi 1996, akaligeuza dirishani.

"Hapa. Mpangaji alithibitisha. Ona saini."

Saini ilikuwa ya Kizungu, imelala upande, nzuri, na mkia chini yake kama wa paka aliyeshiba. U. Khelef.

Soud aliitazama. Hakupandisha sauti.

"Mke wangu hakuitwa Khelef siku hata moja. Ni binti Hamad. Kwetu mtu huolewa yeye, jina lake halimo. Na kalamu ya Kizungu hajapata kuishika. Alisoma chuo cha Kurani, akaandika kwa herufi za Kiarabu mpaka orodha ya vitunguu. Tazama mkataba wa nyumba."

Jedidah akafunua mkataba wa mwaka 1988. Chini ya jina la Soud palikuwa na saini ya Ummukulthum binti Hamad, kutoka kulia kwenda kushoto, nadhifu, ina nukta zake zote. Akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Akashusha miwani. Nyuma yake mashine ya namba iliita watu watatu, hakuna aliyekwenda.

"Woi," akasema polepole. "Hii siwezi kuamua mimi. Napeleka juu."

"Juu wapi?" Thurlby akauliza, ameinama mbele.

"Kwa supavaiza."

"Na juu yake?"

"Meneja wa eneo. Halafu mkuu wa matengenezo, mkuu wa nyumba, mkurugenzi, kamati, halafu mwenyekiti wa kamati."

Kasisi alihesabu kwa vidole vilivyobakiwa na udongo. Saba. Aliegemea kiti kama mtu ambaye kitabu chake, baada ya miaka mia tatu na thelathini, kimepata msomaji.

Idi iliingia Januari. Kulikuwa na treni mpya moja kwa moja kutoka Stratford mpaka Queensbury, inapita chini ya mto mara nne. Soud alipakata kanzu ya maua na mkate wa kumimina, na kila walipopita chini ya mto alitazama juu kuona kama panavuja. Hapakuvuja. Watu waliozuia mto mzima walikuwepo, wa kuzuia bomba la upana wa kidole hawakupatikana. Hayat aliivaa kanzu, akaona ule upande ulioshonwa vibaya, akasema, "Grandad, it's wonky." Soud akasema ndiyo, mwanangu, ni wonky. Jioni alirudi peke yake.

Dari ingali vile vile. Nyota ya Ummukulthum imesimama kwenye pembe ya dirisha, imeshika kiuno. Hayat hulala Queensbury. Thurlby huja alasiri, na sasa huleta kachori yeye, hakuna aliyemuuliza anazitoa wapi. Na kila Jumatatu Soud huvaa koti lake, akachukua namba, akangoja, akafika dirishani. Jedidah hushusha miwani kabla hajafungua mdomo, kwa sababu swali analijua, naye amelipeleka juu mara kumi na moja. Soud huliuliza hata hivyo, taratibu, ili lisikike mpaka kwenye viti vya nyuma:

"Nani alimtilia saini mke wangu?"